Sidii ya Mama Wamboi

Kijiwe kilicho nyuma ya soko la Kitale ni benchi moja refu lenye miguu mitatu na jiwe. Watu watatu hukaa hapo kwa raha, mradi asicheke mmoja wao. Upande mmoja Wangechi huchemsha kahawa ya tangawizi, na upande wa pili, Ijumaa hiyo asubuhi, palikuwa na Corolla ya kijivu ya mzee Ngari, milango yote minne wazi. Ngari alikuwa ameshika sidii kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekabidhiwa yai la moto. Kesho yake wageni wa Bungoma wangekuja kumposa bintiye, Wamboi, na Wamboi alikuwa amemwomba kitu kimoja tu: sauti ya mama yake iwapokee langoni. Sauti hiyo ilikuwa ndani ya sidii hiyo, na redio ya gari ilikuwa imeitema asubuhi nzima.

Kui, mama Wamboi, ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa lango kuanzia Kitale hadi Ndalu. Kwao wageni wa posa hawaingii hivi hivi. Akina mama hufunga lango, huimba, huuliza, na wageni sharti wajibu kwa wimbo ndipo wafunguliwe. Kui alitunga wimbo wake kwa Kiswahili makusudi, maana huku, alisema, hujui mkwe atatoka kabila gani. Vijana wa kanisa walimrekodi, wakachoma sidii za akina mama kufanyia mazoezi. Sidii zikapotea moja moja, na Kui naye akaaga dunia, ikabaki hii. Wamboi alikuwa amezunguka saiba zote za mjini. Kompyuta za siku hizi hazina mahali pa kutia sidii, na kila mahali walimtazama kama mtu aliyebeba taa ya chemni.

Ngari aliisukuma tena, maandishi yakiangalia juu kama inavyotakiwa. Redio ikanguruma, ikafikiri, ikaitema.

— Imekataa, alisema Mukhisa, muuza vitunguu wa Chwele ambaye kijiweni huitwa Spika, kwa sababu ya sauti yake.

— Tumeona, Spika.

— Ni uchafu, bana. Lete dawa ya meno. Unapaka, unasugua, inang'aa.

— Hakuna mtu anasugua kitu hapa! alisema Ngari, akaificha sidii kifuani.

— Wacha mzee, alisema Kigen. Kigen ndiye Injinia, fundi wa waya za magari, na redio hiyo aliifunga mwenyewe. Shida si uchafu, aliendelea. Hii gari imetoka Japani. Redio inasikiza kwanza. Ikisikia ni Kiswahili, inashindwa, inarudisha.

— Na mbona habari inasoma Kiswahili kila saa? aliuliza Wangechi.

— Hiyo inatoka kwa hewa. Hewa haina lugha.

Mukhisa alicheka, benchi likayumba, watu wakashika vikombe vyao.

— Injinia, hiyo ni uongo, alisema Mukhisa. Ledio iko sawa. Ni hewa yenyewe. Hiyo sidii ilichomewa Ndalu, si ndiyo? Ndalu iko chini. Hapa Kitale tuko juu, hewa ni nyepesi. Sidii inapanuka. Mkiipeleka Ndalu itaimba mpaka mshangae.

— Ati sidii inapanuka? aliuliza Kigen.

— Si hata chapati hupanuka?

— Chapati iko na unga!

— Basi tuiweke kwa friji, ijikunje.

— Friji ya nani? aliuliza Wangechi. Yangu iko na maziwa, na haipoi.

Ngari hakucheka. Aliijaribu tena, ikatemwa tena. Safari hii alama ndefu ilionekana upande ule unaong'aa. Kila jaribio lilikuwa linamkwaruza Kui. Alitamani kuirudisha nyumbani na kumwambia binti yake kwamba imeshindikana, lakini alijua uso ambao Wamboi angeuvaa, maana ulikuwa uso wa mama yake.

Mukhisa naye, badala ya kunyamaza, akashusha sauti, jambo ambalo hulifanya mara chache.

— Ama pengine mama mwenyewe ndiye anakataa. Pengine hataki msichana aende Bungoma.

Wangechi alimtazama Mukhisa kwa jicho ambalo lingechemsha birika bila jiko.

— Sikuwa na nia mbaya, mzee.

— Najua, alisema Ngari.

Iliuma kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amewaza hivyo tangu alfajiri. Kui alipenda watoto wake karibu. Na kijana wa watu alikuwa mzuri, hana lawama, lakini nani alikuwa amemuuliza Kui? Hakuna. Ngari alikubali peke yake, akiwa ameketi peke yake upande wake wa kitanda.

Manyunyu yalianza kuanguka. Hapo ndipo mama mmoja mnene, mwenye kilemba cha manjano na kuku kwapani, alipofika akiwa ameloa mabega.

— Hamjambo? Naitwa Agneta, natoka Kanduyi, huko Bungoma. Nimetumwa na watu wetu nitangulie niione njia, kesho wasipotee. Nimeambiwa mzee Ngari hupatikana kwa benchi ya kahawa.

— Mulembe, mama! alinguruma Mukhisa, akimsalimia mtu wa kwao.

— Mulembe.

Ngari alisimama akajifuta mikono kwenye koti. Huyu alikuwa shangazi wa kijana. Upande wa pili ulikuwa umefika siku moja mapema, na umemkuta hana wimbo.

— Karibu sana, mama. Mvua isikunyeshee. Ingia kwa gari ukae. Wangechi, kahawa ya mgeni.

Agneta aliingia kiti cha mbele na kuku wake. Redio, baada ya kuitema sidii, ilikuwa imerudi kwenye mahubiri, na mhubiri alikuwa amefika pale pa kupiga kelele.

— Mzee, naomba nipunguze kidogo huyu mtumishi.

— Punguza tu, mama. Bonyeza mshale wa juu.

— Wa juu ndiyo kupunguza?

— Ndiyo. Kuongeza ni wa chini.

Agneta alibonyeza, mhubiri akanyamaza. Kisha akaitazama redio, akawatazama watu wa benchi.

— Kwa nini?

Miaka yote waliyokaa hapo walikuwa wamebishana juu ya serikali, bei ya mbolea na mwisho wa dunia, na hakuna aliyewahi kujiuliza swali hilo. Kigen aliinamia kikombe chake. Mukhisa alijikaza.

— Japani iko upande wa chini wa dunia, mama. Yetu ya juu ni yao ya chini.

— Haiya, alisema Agneta. Akainamisha kichwa mpaka kilemba kikagusa mapaja. Na hii alama ya muziki, aliuliza, mbona imesimama kwa kichwa? Baba zangu, si hii redio imefungwa juu chini?

Wote waligeuka kumtazama Kigen.

— Waya zilikuwa fupi, alisema Kigen polepole. Nikaona nikiigeuza, zinafika. Na maandishi yote ni Kijapani! Nani hapa anajua Kijapani kikisimama kinakaaje?

— Injinia!

— Na ikaimba! Habari hamsikii? Kuna siku mmekosa habari?

Ngari hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amepiga magoti kando ya gari kwenye matope. Aliigeuza sidii, maandishi yakaangalia chini, upande unaong'aa ukaangalia juu, akaisukuma. Redio ikaimeza. Ikanguruma. Ikafikiri. Benchi zima lilisimama, hata likaanguka, na hakuna aliyeliokota.

Kisha Kui akakohoa.

Ndivyo alivyoanza siku zote, kwa kikohozi kidogo cha kusafisha koo. Ngari hakujua kwamba alikuwa amekisahau. Halafu sauti ikatoka kwenye milango yote minne, nzito, tamu, yenye ucheshi ndani yake:

— Ni nani hao langoni? Mmetoka wapi, semeni. Mnatafuta nini kwetu?

Na kimya. Kui alikuwa ameacha nafasi ya wageni kujibu, na nafasi hiyo ilikuwa inapita, sidii ikivuma polepole. Ngari alitazama mikono yake.

Agneta aliweka kikombe chini. Akatoka garini na kusimama mvuani, kilemba kimekaa upande, akaimba kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza mahindi:

— Ni sisi wa Kanduyi, mama! Tumekuja kwa miguu miwili na kuku mmoja! Tunamtafuta Wamboi, tumtunze kama wetu!

Hakuchelewa wala hakuwahi. Alipomaliza tu, Kui akajibu kutoka ndani ya gari:

— Kama wamekuja kwa wema, fungueni lango!

Na vigelegele vikafuata, Kui na wenzake wa wakati ule. Wangechi akavipokea, birika mkononi, kahawa yote iliyobaki ikimwagika kwenye majivu. Watu wa sokoni wakaanza kuja mbio. Ngari alisimama huku machozi yanamtoka na anacheka, akatazama huku na huku akitafuta lango la kufungua. Lango halikuwapo. Milango ya gari ilikuwa wazi tayari. Basi akazunguka nyuma akafungua buti, akaifungua hadi mwisho, akampokea Agneta yule kuku kwa mikono miwili.

— Amekubali, alisema. Mmesikia? Mama Wamboi amekubali!

— Nilisema ledio iko sawa! alinguruma Mukhisa.

— Kazi yangu hiyo! alisema Kigen. Redio ya kulia, ya kushoto, ya juu chini, zote zinaimba!

Wimbo ulikuwa umerudi mwanzo, na kikohozi kile kikasikika tena. Ngari, kuku kifuani, akapaza sauti juu ya kelele za watu:

— Mama Agneta, ongeza! Ongeza wasikie mpaka Bungoma!

Na kijiwe kizima kikamjibu kwa pamoja:

— Mshale wa chini!