Baba Mabula wa Kipaza Sauti

Baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Bwana Nkwabi Bujiku, ambaye kambi nzima inamwita Baba Mabula, anastaafu tarehe 30 Juni 1958. Waliofika mgodini juzijuzi wanamjua kwa sauti tu, ile inayotoka kila asubuhi kwenye kipaza sauti cha jumba la mikutano, ikisoma habari, ikitangaza mechi na kuwakemea wanaofunga mbuzi kwenye bomba la maji. Wakongwe wanakumbuka kwamba alianzia jikoni, akiwasongea wachimbaji ugali.

Mwaka 1947 aliingia darasa la jioni la watu wazima, ambalo mwandishi wa makala haya alilifundisha. Alikuwa amevuka miaka arobaini. Kusoma alikudaka upesi. Kuandika ndiko kulikomtoa jasho. Insha yake ya kwanza ilisema ng'ombe ni mnyama mzuri mwenye miguu minne, ikaishia hapo.

"Ng'ombe huyu ni wa nani?" mwalimu akamuuliza.

"Wa baba. Alizama kwenye tope tulipokuwa tunahamia Ibadakuli. Mama alilia, Mwalimu, mpaka tukamwacha ng'ombe tukaanza kumbembeleza yeye."

"Basi andika hayo."

Baba Mabula alicheka, akidhani anataniwa. Hakujua kwamba ng'ombe wa nyumbani anaweza kuingia kwenye daftari.

Mwaka uliofuata alihamishiwa jumba la mikutano awe msomaji wa habari. Hapo akapenda maneno makubwa. Hata tangazo la mvua lilivalishwa kilemba. Mchimbaji mmoja alimsimamisha njiani: "Shikamoo, Baba Mabula. Jana ulikuwa unatangaza mpira au unafungisha ndoa?" Baba Mabula alicheka na wenzake, lakini jioni alikuja darasani amenuna, akaomba tuisome habari ile upya. Tuliisoma. Naye mwenyewe hakuielewa.

Kisha ndui ikaingia kambini, mwaka 1950. Wachanjaji walifika na sindano zao, Baba Mabula akapewa tangazo: kila mzazi anaamriwa kuleta watoto bila kukosa. Alilisoma vizuri sana. Hakuja mtu. Uvumi ulikuwa umetangulia kwamba sindano ile inanyonya damu, na akina mama kadhaa walikuwa wameshawapeleka watoto Nyarugusu kuwaficha. Wiki ile tulizika wawili.

Ndipo alipoomba asome maandishi yake mwenyewe. Yalimhusu Mabula, mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa ndui kabla wao hawajaja mgodini. Alikuwa ameyaandika kimya kimya, hata mwalimu wake hakuwa ameyaona. Mkewe, Mama Mabula, aliposikia, alikuja jumbani na khanga yake kichwani.

"Hutalitaja jina la mwanangu kwenye kipaza sauti hicho mimi nikiwa nyumbani," alisema, akasimama kando yake.

"Mwangaluka!" Baba Mabula alianza, kama alivyozoea kuisalimu kambi kwa Kisukuma. Kisha akasoma. Hapakuwa na neno hata moja la kilemba. Alieleza jinsi mtoto alivyoomba maji, jinsi vipele vilivyofika mdomoni, jinsi yeye alivyotoka nje ili asimwone. Hapo sauti ikakatika. Mama Mabula hakujua kusoma, lakini alisogea mbele.

"Wachanjaji walikuja kijijini kwetu," alisema. "Mimi nilimficha. Nilimpeleka kwa mama yangu, nikarudi nimefurahi, nikidhani nimemwokoa."

Wa kwanza kuwaendea wachanjaji alikuwa Ghati, mke wa mchimbaji mmoja kutoka Musoma, akiwa na mapacha wake, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Wengine wakafuata. Hadi jua linazama wachanjaji walikuwa bado wanafanya kazi, na kesho yake walianza kurudi wale wa Nyarugusu.

Tangu hapo Baba Mabula hakurudi nyuma. Ameandika michezo ya kuigiza iliyojaza jumba letu hadi watu wakapanda madirishani, akiwatumia wachimbaji wenyewe kama waigizaji. Mchezo mmoja, wa mume anayeficha kuku wa wageni, ulirekodiwa na mafundi wa redio waliokuja na gari lao, na tuliusikiliza ukitoka Dar es Salaam huku kila mwigizaji akidai sauti yake imepunguzwa. Amewafundisha vijana kutengeneza gazeti la ukutani, na wawili kati yao sasa wanaandikia magazeti ya mjini.

Mwezi uliopita, katika kipindi chake cha mwisho darasani, aliombwa awaeleze wanafunzi wapya alivyojifunza. Alifikiri kidogo.

"Insha ya ng'ombe niliiandika nipate alama," alisema. "Ile ya Mabula niliiandika kwa sababu nilishindwa kulala. Siku hizi nikiandika namwona mtu mmoja ameketi ananisikiliza. Akianza kuangalia mlango, nafuta."

Baba Mabula anarudi Ibadakuli kulima mtama na pamba, na kufuga. Tunakushukuru wewe na Mama Mabula kwa asubuhi ile mliyosimama pamoja mbele yetu. Watoto waliochanjwa siku hiyo ndio wanaoupiga mpira uwanjani jioni hizi, na wengi hawajui kwa nini mama zao hunyamaza kila unaposalimu. Uzee wako uwe wa afya, mvua zije kwa wakati, na zizi lijae. Mwangaluka, Baba Mabula.