Historia ya Mama Chupa, Daktari wa Figo za Watoto

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, nami nitajitahidi kusoma bila kulia, ingawa yeye alizoea kusema kwamba mimi hata kitunguu hunishinda.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, baba yetu akiwa seremala na mama mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1987 akahitimu udaktari, halafu akaenda kusomea magonjwa ya figo za watoto, jambo lililomshangaza baba, aliyedhani figo huwasumbua wazee tu.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole kama mnavyomwona hapo mbele, wakajaliwa binti na mvulana, waliokulia katika nyumba ambayo dawa zote, hata ya kikohozi, zilifungiwa kabatini kwa kufuli. Nilipopeleka posa kwa wakwe zangu, nikiwa nimefuatana na dada, alisalimia vizuri, akanyanyuka, akaenda moja kwa moja jikoni, akarudi na chupa ya soda yenye mafuta ya taa, akaiweka mbele ya wazee na kuwauliza wanamsubiri mjukuu gani aje ainywe, na nusura nikose mke.

Jina la Mama Chupa alilipata kazini, wala si kwa ulevi, kama walivyodhani baadhi ya majirani. Mtoto akiletwa amekunywa sumu au amemeza dawa za wakubwa, dada alitaka kwanza chupa au pakiti, lawama zingoje, kwa sababu si kila sumu hutolewa na mashine ya kusafisha damu, na hata alipopigiwa magoti na mama anayelia, alimweleza wazi kwamba mafuta ya taa mashine haiyatoi, huku akimtibu mwanawe kwa njia nyingine.

Mwezi Aprili 1999 aliletewa mtoto wa kike, binti wa fundi magari, amelegea, anahema kama aliyekimbia, na bibi yake akakabidhi chupa ya juisi aliyokunywa, lakini ameiosha kwa sabuni na kuipangusa, kwa kuona aibu kumpelekea daktari chupa chafu. Dada hakumgombeza, alimshukuru, akamfuata baba mtoto aliyejibanza ukutani nje, akamuuliza taratibu alikuwa ametia nini humo, naye akasema ni maji ya rejeta, yale matamu ya rangi ya kupozea injini, ambayo mwilini huijaza damu asidi na kuziua figo, lakini mashine huyatoa.

Mashine ilikuwa moja, ya watu wazima, na kitini ameshakaa fundi viatu, mgonjwa wa figo aliyeingoja zamu yake, miguu imemvimba. Dada alichuchumaa mbele yake, akamwambia ukweli wote, kwamba akimpisha mtoto, yeye mwenyewe atapumua kwa shida mpaka kesho, na kwamba hamlazimishi, naye fundi viatu akajibu kuwa yeye ameshakula chumvi ya kutosha, huyu hata meno hayajatimia, akajikokota mpaka kwenye benchi na kuomba mto. Kwa kuwa mipira ya mashine ingeibeba sehemu kubwa mno ya damu ya mtoto, dada aliijaza kwanza damu ya mchango, akapunguza mwendo, akamwangalia mpaka kuhema kukatulia, kisha akaenda kukaa na fundi viatu. Wote wawili walinusurika siku ile, na tangu hapo wagonjwa wa mashine wakajiwekea desturi, mtoto mwenye sumu akija, mwenye nafuu humpisha bila kuombwa.

Wapo pia watoto waliomfia mikononi, na siku hizo alirudi nyumbani akafua nguo zisizo chafu, tukajua.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akafanyiwa upasuaji Januari, lakini mganga hajigangi, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alifariki kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji. Mimi nilimkasirikia kwa kutuacha, na bado sijamaliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake. Wagonjwa wa mashine hamwaoni hapa, kwa sababu leo Ijumaa ni siku yao, na walikuwa wakibishana nani aahirishe aje kuzika, ndipo alfajiri akaletwa mtoto aliyemeza vidonge vya pumu vya babu yake, mama mmoja muuza nguo akainuka kitini akampisha, akabaki huko huko na wenzake akingoja. Muuguzi amenipigia muda mfupi kabla sijasimama hapa, mtoto amefumbua macho na anadai kurudi nyumbani.

Basi, dada, usituulizie habari za huko kwenye mashine, wapo wanaoangalia, wewe pumzika kwa amani.