Mihogo ya Mama Kapinga

Nilikaa karibu na dereva wa teksi. Nyuma yangu, Mama Kapinga alikuwa akimfokea mwalimu wa fizikia aliyekutana naye humo garini. Mpimaji wa ardhi alikuwa amefuata dira kwa pembe ileile iliyoandikwa kwenye hati ya zamani, na mpaka wa jirani ukaingia katika mihogo yake.

"Mama, sindano ya busole, ile dira ya mupimaji, haibakiake pale pale," mwalimu alisema. "Chini kabisa ya dunia kuko chuma ya kuyeyuka. Inazunguka, njo inazaa nguvu yenye kuvuta sindano. Na ile nguvu inahama pole pole, kila mwaka. Mupimaji alipaswa kusahihisha."

"Pasta wetu alisema ni jua njo inahamisha sindano."

"Jua inatikisaka sindano siku moja, mbili, kisha sindano inarudia pahali pake. Haiwezi kukula mihogo yako!"

"Basi chuma njo ilikula?"

Mwalimu alishusha pumzi, akaanza upya kwa mara ya tatu. Hakukosea hata neno moja.

Teksi ikasimama mbele ya mahakama, penye kesi ya mihogo. Mama Kapinga akashuka. "Kuya, tushuke, mwalimu. Umuelezee juji vile vile."

"Miye nashukia kule mbele, mama."

Mama hakuufunga mlango.