Methuselah Osukuku, Aliyezifuma Sweta za Malaba

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Mwalimu Nathaniel Okisai, nyumbani Kocholia, Jumamosi, 13 Julai 1968

Mchungaji, wazee wetu, jamaa na majirani. Marehemu aliacha ombi moja: kabla udongo haujamfunika, watu waambiwe ni nani hasa aliyefuma sweta zinazoitwa za Mama Japheth. Baadhi ya wazee hawakutaka jambo hilo litajwe hapa. Litatajwa. Uongo unaosemwa mbele ya jeneza ni uongo kama mwingine wowote, na huu umeishi katika ukoo wetu miaka sita.

Methuselah Osukuku alizaliwa hapa Kocholia, mtoto wa pili wa Mzee Okisai na Mama Amoit, ambao wote wametangulia. Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa, lakini kitabu cha kanisa kinaonyesha kwamba alibatizwa Jumapili, 14 Machi 1920, akiwa bado mchanga. Baba alimpa jina la mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote katika Maandiko, akitumaini makubwa. Ameishi miaka arobaini na minane. Mama alizoea kusimulia kwamba hata mgongoni mtoto huyu hakutulia. Vidole vyake vilichomoa nyuzi za kitambaa alichobebewa, mpaka siku moja mguu mmoja ukatokea upande wa pili.

Alisoma katika shule ya misheni ya Amukura kuanzia 1930 hadi 1935. Hesabu alizijua, Maandiko aliyajua, kutulia hakukujua. Kama hakuchonga kalamu alisuka majani, na kama hakusuka majani alifungua kamba za viatu vya jirani yake na kuzifunga upya kwa namna ambayo jirani hakuweza kuzifungua. Mwalimu wake alimkalisha juu ya mikono yake mwenyewe somo zima. Alipita darasa la nne akiwa wa tatu, akarudi nyumbani kulima.

Mwaka 1941 aliingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma. Huko, mwezi wa Novemba 1944, kipande cha bomu kilimvunja kiwiko cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga vibaya, na tangu siku hiyo mkono huo haukunyooka tena. Katika hospitali ya jeshi Nairobi, muuguzi mmoja aliwapa majeruhi wa mikono uzi wa sufu na sindano mbili mbili, akawaonya kwamba vidole visivyofanya kazi vitakauka. Wengi walifuma wiki moja, wakaona haya, wakaacha. Marehemu hakuacha. Ndipo mikono iliyokaliwa shuleni ilipopata kazi yake. Alirejea nyumbani Juni 1946 akiwa na medali moja, blanketi moja la jeshi, na skafu ya kijivu isiyokuwa na mwisho, kwa sababu hakuwa ameonyeshwa namna ya kufunga mishono ya mwisho.

Jumamosi, 17 Januari 1948, alifunga ndoa kanisani Mundika na Zilpa Nafula, binti wa mkulima wa huko. Bibi harusi alijua habari za uzi kabla ya ndoa, maana mchumba alimtumia soksi tatu. Zilpa alipouliza ya nne iko wapi, alijibiwa kwamba inakuja. Ilikuja mwaka 1951, rangi nyingine.

Mwaka 1949 aliajiriwa na Reli kuwa mlinda lango, pale barabara inapokata njia ya treni karibu na stesheni ya Malaba. Kazi hiyo ilimfaa mtu wa mkono mmoja mzima: kufunga lango treni ikija, kulifungua ikipita, na kungoja. Kungoja ndiko kulikomtesa. Ndani ya kibanda chake, mlango ukiwa umesukumwa nusu, alifuma. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli alizozinoa juu ya jiwe. Uzi aliupata kwa kufumua sweta kuukuu za mitumba kutoka Tororo. Hakuwahi kuwa na kazi moja mkononi. Siku yoyote ungekuta fulana haina mgongo, soksi haina kisigino, na kofia iliyoanzwa juzi na kusahauliwa leo. Skafu zake zilifuata ratiba ya Reli: treni zikifika kwa wakati zilikuwa za kawaida, zikichelewa zilirefuka. Ile aliyompa shemeji yake wa Bumala mwaka 1957 ina hatua kumi na moja, na inafunga mbuzi hadi leo. Fulana aliyomfumia katekista ilipita kichwani kwa shida na ikakataa kutoka, wanaume wawili wakamvua katekista kama mtu anayechunwa. Marehemu aliomba msamaha, akaichukua, akaifumua yote kwa siri, akaanza upya siku ileile.

Watu wa nyumbani tu ndio waliojua. Wengine walidhani amenunua. Hivyo ndivyo alivyotaka, na hakuna aliyemuuliza.

Uongo wenyewe ulianza Ijumaa, 5 Januari 1962. Binti yake Akol alikuwa anaingia darasa la kwanza, na baba yake alikuwa amemfumia sweta nyekundu. Aliifua, akaitundika kwenye waya wa lango, ikapepea upande wa reli. Gari la mizigo lililotoka Tororo likafunga breki na kusimama na mabehewa yake ishirini na nane. Dereva akashuka.

“Hatari iko wapi, boss?”

“Hakuna hatari. Ni sweta.”

“Sweta?”

“Inakauka.”

Stesheni masta alifika akikimbia, ameshika kofia mkononi. Aliishika ile sweta, akaigeuza ndani nje.

“Hii kitu imesimamisha treni ya serikali,” alisema. “Nani alifuma hii?”

Marehemu alitazama watu waliokusanyika: makuli, tanboi wanaosaidia madereva wa malori, akina mama wa soko. Akasema, “Mama watoto.”

Stesheni masta alimwambia asionekane tena na uzi mwekundu karibu na reli. Kisha akaikunja sweta vizuri na kuongeza, “Lakini mama huyo ana mkono. Mwambie na mimi anifumie moja. Kijivu.”

Sweta nyekundu ilifumuliwa jioni hiyo, na Akol akaenda shule na ya buluu. Lakini lile neno halikufumuliwa. Kufikia Pasaka nusu ya Malaba ilikuwa inaagiza sweta kwa Mama Japheth, yaani Zilpa, ambaye hajawahi kujua sindano inaingilia upande gani. Marehemu hakutoza mtu. Alifuma, na Zilpa alikabidhi.

Mama Roselyn, mwenyekiti wa chama cha akina mama, aliomba wanachama, waliojua kufuma skafu tu, wafundishwe sweta. Zilpa alishika sindano mara moja mbele yake, kisha akafunga kitambaa mkononi, akasema ameungua na uji. Kitambaa hicho kilikaa mkononi muda mrefu.

“Mama Japheth,” Roselyn alimuuliza siku moja sokoni, “hiyo uji ilikuwa ya moto namna gani? Tangu mwaka jana?”

“Mikono yangu inapona polepole, dada.”

“Inapona polepole lakini inafuma haraka.”

Oktoba 1965, kwenye maonyesho ya wilaya Busia, fulana ya kijani iliyoandikwa jina la Zilpa ilichukua nafasi ya kwanza. Alipewa birika la chai. Alilileta nyumbani, akaliweka juu ya kabati, na hakulichemshia maji hata siku moja. Wageni walipouliza, alisema halijazoea moto. Mke mwema alikuwa anapokea sifa zisizo zake ili mume asichekwe, na mume alikuwa akimwona akiumia na hakusema. Hilo lilikuwa kosa, na marehemu mwenyewe aliliita hivyo.

Mdogo wa marehemu, anayewasomea haya, aligundua siku ya Krismasi, 1966. Watu walipoinua mikono kwa maombi, vilionekana vifundo kumi na vinne vya kulia vimetokeza nje ya mikono ya sweta, na vya kushoto vimefunikwa. Watu wa Malaba walikwisha kulizoea jambo hilo. Walikuwa wakitania kwamba Mama Japheth akifika mkono wa kulia huwa amechoka. Baada ya ibada Zilpa aliombwa anyooshe mikono yake. Ilikuwa sawasawa. Kesho yake mlango wa kibanda ulisukumwa bila hodi, na marehemu akakutwa anapima mkono wa sweta kwenye mkono wake wa kulia, ule usionyooka.

Aliambiwa achague, aache kufuma au aache kudanganya.

“Mwalimu,” alijibu, na mishono aliendelea kuihesabu, “nikiacha kufuma vidole vitakauka. Nikisema ukweli, hapa langoni sitakaa. Malori mia yanapita hapa kila siku, na kila tanboi ana mdomo.”

“Na mkeo?”

Alipoteza hesabu ya mishono, akaanza mstari upya. Nami nilinyamaza mwaka mmoja na nusu. Nimewapiga watoto wa watu huko Sigalame ninakofundisha kwa uongo mdogo kuliko huo, kwa hiyo sehemu yangu ya kosa hili naisoma hapa pamoja na yake.

Februari mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari walisema moyo umepanuka. Alilazwa hospitali ya Busia tarehe 3 Juni. Kulala kulimshinda. Siku ya nne alimtuma Zilpa amletee sindano na uzi, akafuma kitandani, mchana, mbele ya wadi nzima ya wanaume. Walicheka. Kitanda cha pili alikuwa dereva wa lori kutoka Mombasa, aliyevunjika mguu, na huyo ndiye aliyecheka kuliko wote.

“Mzee, wewe unangoja mimba ama unangoja daktari?”

“Nangoja wewe umalize kucheka nipime kichwa chako.”

Siku iliyofuata dereva alisema, “Mzee, lakini Timboroa kuna baridi sana. Nifumie hata mimi.” Marehemu alifuma kofia tisa katika wadi ile kwa wiki nne, na ya kumi alimfumia mfagiaji.

Zilpa alipomtembelea Jumapili, 7 Julai, alimkuta ametulia kuliko alivyowahi kumwona. Alimwambia, “Zilpa, walinicheka siku moja tu. Siku ya pili waliomba kofia. Miaka sita nimekubebesha mzigo wa siku moja.” Kisha akamwambia akipona atakalia kiti nje ya kibanda na kufuma barabarani, na asipopona, watu waambiwe kabla hajazikwa. Alifariki Alhamisi, 11 Julai, saa nne asubuhi, sindano zikiwa juu ya blanketi.

Jana asubuhi wazee wa ukoo walikaa. Baba mdogo, Mzee Egwang, alisema kwa niaba yao: “Huyu alikuwa mtu wa Keya. Alipigana Burma. Leo mwalimu asimame aseme alikuwa anashika uzi kama msichana? Watu watakwenda nyumbani na hilo tu.”

Mzee Egwang aliombwa anyooshe mikono yake yote miwili mbele. Alikuwa amevaa sweta ya kijivu, zawadi ya Krismasi ya 1964. Mkono wa kushoto ulifika kwenye kifundo, wa kulia ukapungua vidole viwili. Aliambiwa kwamba Zilpa ana mikono sawa, na kwamba marehemu alipimia kila sweta mwilini mwake. Mtoto alipunguziwa, mtu mkubwa akaongezewa, lakini kiwiko cha Burma kilibaki ndani. Mzee aliutazama mkono ule. Aliushika, akauvuta ufike, haukufika. Akasema, “Basi hiyo Burma nimeivaa miaka minne. Soma.”

Leo asubuhi Zilpa aliteremsha birika, akampelekea Mama Roselyn, akamweleza yote. Roselyn alimwambia, “Mama Japheth, mimi nilijua siku ile ulishika sindano kama mwiko.” Zilpa akauliza kwa nini hakusema. “Nilikuwa bado nangoja sweta yangu,” Roselyn alijibu, akakataa birika. Chai mtakayokunywa baada ya maziko itatoka ndani ya birika hilo. Limezoea moto.

Marehemu ameacha mjane, Zilpa Nafula. Mwana, Japheth, anayefanya kazi kwa wakala wa forodha pale mpakani. Mabinti wawili, Millicent na Akol. Ndugu mmoja, na baba mdogo. Ameacha pia fulana isiyo na mgongo, ambayo hakuna anayejua ni ya nani, soksi tano za watu watano, na kofia ya dereva wa Mombasa, ambayo imekamilika na itapelekwa Jumatatu. Na ameacha sweta nyekundu. Aliianza hospitalini kwa uzi uleule aliouficha miaka sita, kwa ajili ya Akol, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu. Mwili umekamilika, mkono wa kushoto umekamilika. Wa kulia haujaanzwa.

Chama cha akina mama kimekubali kumfundisha Zilpa kufuma, kuanzia Jumanne, ili aumalize mwenyewe. Ameomba jambo moja tu kwa walimu wake: mkono huo wasimwambie aurefushe.

Waliovaa sweta zake leo wasikunje mikono. Tukimteremsha, tumwonyeshe kazi yake. Mikono iliyohangaika tangu mgongoni kwa mama sasa itulie, na mwenye mikono apumzike kwa amani.