Serenadi Ambazo Mama Nohemí Hakuzidai

Leo, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Nohemí Daza anaiacha meza ya mhasibu wa Mfuko wa Wanamuziki hapa Valledupar. Mimi niliyekaa naye ofisi moja, nikinywa kahawa yake bila kuchangia sukari, nimepewa kazi ya kumuaga. Jamani, si kazi ndogo.

Alipoajiriwa, mfuko ulikuwa na pesa za kuwasaidia wanamuziki wazee, ila hakuna aliyezichukua. Wapiga akodiani wetu wana kiburi chao: mtu kaweka akodiani rehani, jikoni hamna hata muhogo, lakini ukimtajia msaada anavaa kofia na kuondoka. Evelio Araújo alimfokea kabisa, "Mama, mimi napiga, siombi!" Mama Nohemí akamjibu palepale, "Nani kakwambia uombe? Mimi nanunua serenadi. Siku nikiitaka, utakuja kunipigia dirishani." Evelio akapokea, akakomboa akodiani yake. Tangu hapo neno "msaada" halikuandikwa tena katika hesabu zetu. Kila peso ilikuwa malipo ya awali ya serenadi.

Kisha akaja mkaguzi wa wafadhili, Don Arístides, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Akauliza serenadi hizo zimepigwa wapi. Hakuna hata moja! "Basi andikeni msaada, la sivyo tunafunga mfuko," akasema. Neno hilo lingewarudisha wazee wote nyumbani mikono mitupu. Mama Nohemí akamwambia kwa upole, "Chagua deni lolote, baba, ukalidai mwenyewe." Mkaguzi akamchagua Evelio, ambaye siku hizo alikohoa zaidi kuliko alivyoimba. Jioni ile Evelio alisimama chini ya dirisha la hoteli alikofikia mkaguzi, akapiga mpaka wapishi wakatoka na miko mikononi. Mkaguzi alilia, akasingizia vumbi. Mfuko haukufungwa.

Siku zile zilikuwa tamu, tulicheka hata pesa zilipokuwa hazitoshi. Nitazikumbuka mno, Mama, pamoja na kelele zako za risiti.

Ahsante kwa yote. Tunakutakia maisha mema na mapumziko marefu, ila mapumziko yaanze kesho. Evelio ametangulia mbele ya haki, lakini binti yake ameishika akodiani ileile, na nyuma yake wanamuziki wenzake marehemu wamejaa mtaa mzima. Ukifika nyumbani usiku huu, acha dirisha wazi. Wanakuja kulipa.