Jina la Golandam Kwenye Zulia

Hebu mwoneni, ndugu zangu, akiingia langoni: mfupi, mgongo umepinda, vidole kama ndoana, anawauliza kama mmekula kabla hata hajavua viatu. Huyo ndiye mama yetu, marehemu Golandam binti Sefat.

Alizaliwa Ravar, mkoani Kerman, tarehe 4 Machi 1938. Shule hakuiona. Akiwa na miaka sita alipandishwa kwenye ubao mbele ya mtambo wa mazulia, maana vidole vidogo hufunga fundo dogo. Hesabu alijifunza kwa kuimbiwa nakshi: nyekundu tatu, bluu moja, ruka mbili.

Mwaka 1955 aliolewa na marehemu Yadollah, akamzalia watoto watatu. Alifuma mazulia thelathini na moja, na yote yalitoka na jina la mwenye karakana. La thelathini na mbili alilifuma kuwa lake, kwa miaka minne: mvinje mmoja, ndege wawili, na juu kidirisha cha jina la mfumaji. Akamwendea Nosrat, mdogo wake baba:

"Shemeji Nosrat, wewe ndiye mchora nakshi. Niandikie: Golandam binti Sefat."

"Kwa mwandiko wa kifalme kabisa, shemeji yangu!"

Nosrat akamchorea kwenye karatasi ya miraba, kila mraba fundo moja. Mama akayafunga yote, hakukosea hata moja. Mwaka 1977 zulia likatandikwa sebuleni. Liliandikwa: *Punda wa Yadollah.*

Kwa miaka ishirini na miwili wageni walisoma, wakaficha vicheko ndani ya vikombe vya chai. Baba alisema, "Mwacheni, si anafurahi?" Mimi Mahrokh, bintiye, nilijua kusoma. Nami nilikunywa chai.

Mwaka 1999 mama alijiandikisha darasa la watu wazima. Jioni moja nilimkuta amepiga magoti juu ya zulia, kidole kikipita herufi kwa herufi. Aliniangalia.

"Mahrokh, chai yako inapoa."

Akalikunja. Halikutandikwa tena.

Vumbi la sufu lilimla mapafu. Alilazwa mwezi Januari, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2011. Wasia wake ni mstari mmoja, kwa mkono wake mwenyewe: "Jeneza lifunikwe kwa zulia langu, maandishi yawaelekee watu."

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na shemeji yake Nosrat, aliyekaa pale mstari wa mbele. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pasipo na vumbi.

Zulia hilo hapo. Baba mdogo, mwandiko ni wako: utatusomea wewe jina la marehemu, au nisome mimi?