Daktari Aliyetoka Wodini Akaenda Kisimani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya dada yangu, nanyi mnivumilie, maana yeye ndiye aliyekuwa akinisahihishia kila nilichoandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi, mtoto wa kwanza wa mama yetu, fundi cherehani, aliyeshona sare za mtaa mzima ili binti yake asome, na alipohitimu udaktari mwaka 1986 Mama alicheza mpaka kiatu kikakatika.

Alianza kazi katika wodi ya watoto, akamtibu mtoto mmoja aliyekuwa akihara, akapona, akarudi, akapona tena, na aliporudi mara ya tatu akafariki, ndipo dada yangu, macho yamemvimba kwa kulia, akamsindikiza mama wa mtoto hadi kwake, akakuta kisima na choo vinatazamana.

Mwaka 1990 alihamia afya ya jamii, akaanza na ukaguzi wa visima na vyoo, akastaafu akiwa mkurugenzi wa kinga. Mama alinuna, akaendelea kuwaambia majirani kwamba binti yake bado yuko wodini, jambo lililomuuma sana marehemu, ingawa mbele za watu alilicheka.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, baada ya kuwaambia wakwe, siku ya kwanza tu kukaribishwa, kwamba maji yao hayanyweki bila kuchemshwa, sisi tukajua kitumbua kimeingia mchanga, kumbe baba mkwe alitafuta mtu asiyemung'unya maneno. Walijaliwa binti na mvulana, walionawa mikono hata kabla ya kugombana.

Januari mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya ini, akaugua kwa subira, ila wauguzi aliwakagua sabuni, na tarehe 3 mwezi huu, asubuhi, alifariki nyumbani, Mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuazima viti na mabega, na maafisa afya wenzake, ambao tumewaona wakichungulia matangi yetu.

Jana mgeni alimuuliza Mama kwamba marehemu alikuwa daktari wa ugonjwa gani, tukainamisha vichwa kungoja habari za wodini, naye akajibu kwamba mwanawe alikuwa daktari wa watu wasiougua, na kwamba yeye mama amechelewa kumwambia.

Dada, Mama amekwisha sema, sasa pumzika kwa amani.